Kuiita Gongo Dawa Hakuihalalishi



Hapa Nyegezi, kuanzia stendi ya mabasi hadi mwaloni, wapo wanaoloweka mizizi na magome katika gongo, wakaficha chupa uvunguni na kunywa kijiko asubuhi na jioni. Wakikatazwa hujibu: "Hii si pombe, ni dawa."

Jibu hilo si geni. Imam Muslim amepokea kwamba Tariq bin Suwayd (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa hutengeneza khamri kwa ajili ya tiba tu. Mtume akamkatalia, akabainisha kuwa hiyo si dawa bali ni maradhi. Je, mzizi uliotumbukizwa leo umeibatilisha hukumu hiyo?

Atasema mtu: "Mbona baadhi ya dawa za maji za hospitali zina alkoholi?" Wanazuoni wamelijadili hilo, nalo ni kiasi kidogo kisicholevya, kilichopimwa na mtaalamu, pasipokuwa na badali. Chupa yako ni gongo yenye mizizi, na badali iko jikoni kwako.

Isitoshe, gongo haina kipimo. Pombe ya magendo huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Mama anayemnywesha mwanawe kijiko, anajua amemnywesha nini?

Hatupingi miti shamba. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili. Tunachopinga ni gongo. Chemsha mizizi kwa maji, uinywe siku hiyo hiyo. Loweka majani katika siki, ambayo Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa kitoweo chema. Au tumia asali, ambayo Qur'ani (16:69) imeitaja kuwa na ponyo, ila mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe. Mjamzito asinywe mwarobaini, na mtoto mwenye homa apelekwe kwanza kupimwa malaria.

Ilipoteremka aya ya kuharamisha khamri (5:90), Masahaba waliimwaga hadi ikatiririka katika njia za Madina. Hawakubakisha kijiko kwa ajili ya kikohozi. Nasi tuzitoe chupa uvunguni, tuzimwage.

Wabillahi tawfiq.