Picha ya kumpa mama

Ndugu msomaji, je, mama yako ana picha ngapi ndani ya nyumba yake? Si zile za kwenye simu yako. Ninasema picha ambazo yeye mwenyewe anaweza kuzishika mkononi.

Wamama wengi wa vijijini hawana hata moja. Watoto wako mjini, na picha zote ziko kwenye simu zao. Simu ikiibiwa, au ikitumbukia kwenye ndoo ya maji, picha zimekwenda.

Siku hizi mjini zawadi za picha ni nyingi. Kuna vikombe, saa za ukutani, kalenda na hata mito yenye sura ya mama. Watu huzinunua sana mwezi wa Mei, kwa sababu Jumapili ya pili ya mwezi huo ni Siku ya Mama. Siku hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1908 na mwanamke aitwaye Anna Jarvis, kwa kumkumbuka mama yake aliyefariki mwaka 1905.

Kikombe ni kizuri. Lakini picha yake imegandishwa juu kwa wino na moto. Ukikisugua kwa mchanga au majivu kama sufuria, sura ya mama itachubuka. Basi mama hanywi chai ndani yake. Anakiweka kabatini, wageni wakitazame. Mimi naona picha ya kawaida ndani ya fremu inamfaa zaidi.

Lakini fremu nayo ina mambo yake. Nitakueleza yaliyonipata mimi.

Mama yangu alikuwa na picha moja tu ya marehemu baba. Ilikuwa kwenye fremu, imebanwa kwenye kioo. Ukuta ule ulikuwa unavuja wakati wa masika. Unyevu ukaingia, picha ikanata kwenye kioo. Mimi nikataka kumfurahisha mama. Nilisema nitaitoa, niipeleke mjini ikakuzwe. Nikaivuta. Karatasi ilitoka, uso wa baba ukabaki kwenye kioo vipande vipande.

Mama hakunigombeza. Alikichukua kile kioo, akakifunga kwenye kanga, akakitia sandukuni. Kiko humo mpaka leo.

Ndugu msomaji, picha ikinata kwenye kioo usiivute. Usiiloweke. Iache hapo hapo. Ipige picha kwa simu ikiwa bado ndani ya kioo chake. Simama kivulini, mahali penye mwanga wa kutosha, ili kioo kisimeremete. Picha hiyo mpya ndiyo utakayoipeleka studio. Mimi sikujua.

Ukitengeneza fremu mpya, weka vipande vyembamba vya kadibodi kwenye kingo, kati ya picha na kioo, ili visigusane. Tundika fremu kwenye ukuta mkavu. Usiitundike mahali jua linapopiga, maana jua hufifisha rangi. Moshi wa kuni nao si rafiki wa picha.

Unapokwenda kusafisha picha mjini, peleka simu yenyewe. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa uzito njiani. Ukiikuza, sura huwa kama ina ukungu. Hata picha ndogo ya paspoti yaweza kupigwa upya na kukuzwa, ila usitegemee iwe safi kama mpya. Mwombe fundi asiongeze mapambo mengi. Wengine humpaka mama rangi mpaka wajukuu hawamtambui.

Halafu muulize mama anataka picha ya nani. Usimchagulie. Wewe waweza kudhani anataka picha yake mwenyewe, kumbe anataka ya dada yake aliyeolewa mbali, au ya mtoto aliyemzika.

Nyuma ya picha andika majina, mahali na mwaka. Tumia penseli laini, usikandamize. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele, na wino wake waweza kuchafua picha nyingine. Usiache kazi hii kwa sababu unawajua wote. Wajukuu hawatawajua.

Mwaka jana nilimpiga mama picha mlangoni kwake. Alikataa kwanza, mpaka abadili kanga. Nilipomletea nilikuwa nimeandika nyuma jina lake, jina la kijiji na mwaka. Nikataka kumsomea. Alininyang'anya. Yeye alijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima mwaka 1974. Akaisogeza karibu na dirisha, akasoma polepole, neno moja moja. Kisha akaniambia nimekosea herufi moja ya jina la baba yake, nilete penseli.