Omanyala, viza na foleni ya Juba

Kwa mfanyabiashara anayetua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba akitokea Entebbe au Nairobi, safari haiishi ndege inapogusa ardhi. Inaisha pasipoti ikishagongwa muhuri na mzigo ukishatoka. Saa zinazopotea hapo katikati hazina risiti, lakini ni gharama. Anayetaka kuiona gharama hiyo kwa tarakimu aangalie mbio za Ferdinand Omanyala.

Mkenya huyo, aliyeanzia kwenye raga na kusomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungiwa miezi 14 mwaka 2017 kwa kosa la dawa zilizokatazwa michezoni, kisha akarudi. Septemba 18, 2021, uwanjani Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Mmarekani Trayvon Bromell alimtangulia kwa 9.76, lakini rekodi ya Afrika ya Akani Simbine, 9.84, ilikuwa imevunjwa.

Juni 2022 akawa bingwa wa Afrika nchini Mauritius. Julai yakaja Mashindano ya Dunia mjini Eugene, Marekani, na viza ikachelewa. Wiki hiyohiyo, Julai 11, Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huku viongozi wakisifu mipaka kufunguka, mtu mwenye kasi kuliko wote barani alikuwa Nairobi akisubiri karatasi.

Alitua Eugene Julai 15, saa chache kabla ya mchujo. Alikimbia 10.10 akafuzu. Kesho yake, katika nusu fainali, alipata 10.14 akatolewa. Agosti 3, mjini Birmingham, alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa 10.02. Mkenya wa mwisho kushinda mbio hizo, enzi zile zikipimwa kwa yadi, alikuwa Seraphino Antao wa Mombasa mwaka 1962. Ni kweli, Wamarekani hawakuwepo Birmingham. Lakini muda wake mwenyewe ulikuwa bora kuliko wa Eugene, na siku zilizopita hazikufika 20.

Wapo watakaosema dawa ni kuwahi. Sudan Kusini ilijaribu hilo. Mwanariadha wake wa mbio fupi, Lucia Moris, na wenzake walifika Maebashi, Japani, Novemba 2019 kujiandaa kwa Olimpiki ya Tokyo. Michezo ilipoahirishwa hadi 2021, mji huo uliendelea kuwatunza. Kuwahi nako kuna bei, na bei ile ililipwa na wenyeji. Mama anayepeleka vitenge Juba hana Maebashi yake. Akiwahi siku mbili, gesti na chakula vinatoka kwenye mtaji. Akichelewa siku mbili, mteja ameshanunua kwa mwingine.

Hatua zimepigwa. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016, na mwaka 2021 Uganda na Kenya zilitangaza kuwaondolea viza raia wake. Lakini viza ni mlango mmoja tu. Kwenye kilomita 192 za barabara ya Nimule hadi Juba vipo vizuizi, na wapo wenye mizigo myepesi wanaopanda ndege ili kuvikwepa, kisha wanakutana na foleni nyingine uwanjani.

Kinachokosekana ni muda wa mwisho. Kila dirisha, la uwanja wa ndege au la mpakani, libandikwe saa ambazo msafiri anastahili kuhudumiwa, na afisa anayechelewesha aandike sababu. Vyama vya wafanyabiashara navyo visibaki kulalamika sokoni. Viandike tarehe, saa zilizopotea na fedha zilizotumika, vizipeleke kwa kamati za kitaifa zinazofuatilia vikwazo visivyo vya kiforodha. Omanyala anasikilizwa kwa sababu kila sekunde yake ilipimwa. Saa za mfanyabiashara hazijapimwa na mtu, ndiyo maana ni rahisi kuzipoteza.