Kuunga dairekti si ufundi, ni ubahili wetu

Wadau, leo siasa naiweka kando. Nina hasira na waya.

Mjomba wangu ana pikapu, Hilux ya zamani, tunakaribiana umri. Kila asubuhi kwenye foleni ya Ubungo mshale wa joto ulikuwa unapanda. Sababu si uchawi. Feni yake ya asili inaendeshwa na mkanda. Injini ikizunguka polepole, na yenyewe inazunguka polepole, tena kwenye foleni hakuna upepo wa mwendo. Tukaamua kufunga feni ya umeme. Wazo zuri tu, maana feni hiyo haijali injini inazunguka vipi.

Nikapeleka gari gereji moja, jina naliacha. Fundi akavuta waya mwembamba kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye kiswichi cha dashibodi mpaka kwenye feni. "Bosi, hapa tunaunga dairekti. Rilei na fyuzi utaongeza gharama." Nikacheka, nikasema funga. Akang'oa na thamostati, eti gari lipoe zaidi.

Wiki mbili baadaye mjomba anapanda Kitonga na mzigo, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Akazing'oa nyaya kwa mikono. Gari lilipona. Viganja vyake vina makovu hadi leo.

Hesabu yenyewe ni fizikia ya sekondari. Feni inayokula ampia 20 kwenye volti 12 ni wati 240, sawa na balbu nne za wati 60, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Mzigo huo unaupitishaje kwenye waya wa redio? Rilei ipo ili swichi ibebe umeme kidogo, ule mkubwa upite kwenye njia yake nene. Fyuzi inakaa jirani na betri, ili waya ukichubuka na kugusa bodi, ikatike kabla waya haujawaka. Swichi ya joto inaiwasha feni yenyewe, dereva hana haja ya kukumbuka. Alteneta nayo ipimwe kama inamudu. Na thamostati irudishwe: bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake, inakula wese na kuchakaa haraka.

Najua wengine mtasema mafundi wetu hawajasoma. Acheni hizo! Fundi alinitajia rilei, akanitajia na fyuzi. Mwenye digrii pale gereji nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyekataa kulipa. Siku hiyo hiyo nilinunua vocha za simu za bei kuliko hivyo vifaa viwili.

Ndivyo tulivyo. Tunapiga kelele kuhusu barabara mbovu na trafiki wala rushwa, halafu tunawakabidhi wazee wetu moto uliolala chini ya dashibodi, tunauita ujanja wa mjini. Akiungua mtu tunasema ni ajali.

Jumamosi hii fungua boneti. Fuata waya wa feni kuanzia kwenye betri. Usipokuta fyuzi, usimtukane fundi. Mrudie, mlipe, afunge upya. Mimi nilishamrudia. Kumwomba mjomba msamaha ndiko kulikonichukua muda.