Daftari la Wiki: Kiwiko na Kalenda

Kipaji cha Paul Skenes hakina mbishi. Julai 2023, klabu za Ligi Kuu ya besiboli Marekani zilipogawana vijana wapya, Pittsburgh Pirates walimchagua wa kwanza kabisa, wakamlipa dola milioni 9.2 kwa kutia saini tu. Ligi ilipoanza Machi 2024, mrushaji huyo wa miaka 21 alikuwa Indianapolis, kwenye timu yao ya daraja la chini. Huko alianza mechi 7, akawaondoa wapigaji 45 katika awamu zisizotimia 28. Wakubwa wa klabu walieleza kwamba mkono wake unazoeshwa kazi polepole.

Maelezo hayo yana uzito. Stephen Strasburg, naye chaguo la kwanza la mwaka 2009, aliingia Ligi Kuu Juni 2010 akawaondoa wapigaji 14 siku ya kwanza. Kabla Septemba haijaisha alikuwa ameshapasuliwa kiwiko ili kano iungwe upya. Tena chuoni mtu hurusha mara moja kwa wiki, ilhali kwa wanaolipwa mapumziko ni mafupi zaidi. Wiki kadhaa za kuzoea, basi, hazina ubaya. Ila kiwiko hakijui kimo katika uwanja gani. Skenes alipoletwa Pittsburgh tarehe 11 Mei, mipira yake 17 ilifika maili 100 kwa saa au kupita, na tahadhari haikukoma: siku sita baadaye, kule Chicago, alitolewa baada ya awamu sita na mipira 100, hakuna mpigaji aliyekuwa amepata hata pigo moja salama. Julai, kule Milwaukee, ikawa vilevile baada ya awamu saba. Kama breki zilifanya kazi Ligi Kuu, Indianapolis ilikuwa ya nini?

Jibu limo katika kalenda. Mchezaji huhesabiwa mwaka mzima wa utumishi akifikisha siku 172, na baada ya miaka sita yuko huru kujiuza atakako. Akicheleweshwa wiki mbili tatu, klabu inabaki naye mwaka wa saba. Chicago Cubs walimleta Kris Bryant katikati ya Aprili 2015, akamaliza na siku 171. Siku moja! Alishtaki, na mwamuzi wa migogoro akaipa klabu haki mwaka 2020.

Atasemaje mtu? Kwamba mwenye milioni tisa hana la kulalamikia. Sawa, lakini wengi waliosubiri pamoja naye hawakupewa hata robo ya hizo. Kima cha chini cha mshahara katika daraja lile kilikuwa kama dola 36,000 kwa mwaka, na Ligi Kuu 740,000.

Mkataba wa 2022 kati ya Ligi Kuu na chama cha wachezaji ulijaribu kuziba tundu hilo la kalenda: anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mchezaji bora mpya wa ligi yake huhesabiwa mwaka mzima hata akiletwa Mei. Novemba 2024 Skenes alishinda kura hizo, na Pirates wakaupoteza ule mwaka wa ziada. Lakini kijana ambaye angeletwa siku moja naye, akarusha vizuri tu na kushika nafasi ya tatu, angehesabiwa siku zake na si zaidi.