Nimebeba Tuba Hosteli
Jamani, wengine wanabeba marafiki hosteli. Mimi nimebeba tuba. Muhula uliopita niliacha tarumbeta kwa sababu bendi yetu haikuwa na mtu wa besi, na bendi bila besi ni kelele tu. Tarumbeta ililala chini ya kitanda. Tuba ina kilo kama 10, na bomba lake likinyooshwa linafika mita 5 na nusu! Konda anataka nauli ya watu wawili. Juzi mwenzangu aliikwaa gizani akienda chooni, ikaanguka, vali ikakwama. Tuba yenyewe si yangu, ni ya bendi. Bumu limeishia kwa fundi. Chuo kina stoo ya mipira na jezi. Kitupe na sisi kona yenye kufuli. Kwa sasa tuba inalala kitandani, mimi chini.