Umeokoka Ili Upate Nini?

Nijibu, ndugu yangu, na usinijibu kwa "Bwana asifiwe". Umeokoka ili upate nini?

Nauliza kwa sababu uvumilivu umeniishia. Kila Jumapili shuhuda zinamiminika, na ndani yake hamna dhambi hata moja iliyoachwa. Huyu kaokoka, kapata kiwanja. Yule kaokoka, kapata viza ya Canada. Mwingine kaokoka, bosi aliyekuwa akimsumbua kahamishiwa mkoa wa mbali. Vigelegele! Kinanda kinapanda, vitambaa vinapepea. Na yule aliyeacha kumpiga mkewe, mbona haitwi mbele? Yule aliyerudisha fedha za kikoba alizokuwa amezitafuna, mbona hapewi kipaza sauti?

Hajazi ukumbi. Ndiyo sababu.

Tumeambiwa wokovu ni kutoka kwenye umaskini, kwenye maradhi, kwenye laana ya ukoo, kwenye nyota iliyochukuliwa na shangazi. Tukaambiwa "Pokea!", tukanyoosha mikono yote miwili. Nani aliuliza? Malaika alipomtokea Yusufu usiku ule, habari ya kiwanja haikuwemo. Alimwambia kuwa mtoto atakayezaliwa atawaokoa watu na dhambi zao. Dhambi! Hilo ndilo shimo tulilotumiwa mtu wa kututoa. Sisi tumelizungushia maua, tukaketi humo humo na kuomba gari.

Kosa hili lina miaka elfu mbili. Yesu aliwalisha watu elfu tano mikate na samaki, nao wakataka kumkamata wamfanye mfalme. Akawakimbia, akapanda mlimani peke yake. Kesho yake wakavuka ziwa hadi Kapernaumu kumsaka. Akawaambia wazi kwamba wanamfuata kwa ajili ya shibe. Alipoendelea na maneno magumu, wengi wakageuka wakaenda zao.

Hakuwakimbilia. Hakuwaahidi mkate wa kesho ili wabaki. Aliwageukia wale kumi na wawili akawauliza kama na wao wanataka kuondoka.

Mhubiri gani leo ana ubavu huo? Nitajie mmoja mwenye ukumbi wa watu elfu tano aliye tayari kuwapoteza wote Jumapili moja kwa sababu amesema kweli.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu Mbagala, fundi cherehani, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme ya kudarizi. Akahimizwa na mtumishi wa kanisani kwake apande mbegu "inayouma", yaani atoe sadaka ya kujinyima. Akapewa bahasha ya kaki, juu yake akaandika hitaji lake kwa kalamu ya bluu: nyumba yangu mwenyewe. Akauza ile ya kudarizi, fedha yote akaitia kwenye bahasha, akaipeleka madhabahuni huku analia.

Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Ukafika msimu wa kufungua shule, wateja wake wakaja na masweta ya watoto yanayotaka nembo, akawaelekeza kwa fundi wa pili. Msimu ule ndio unaomlipia kodi. Mwenye nyumba akaweka kufuli yake mlangoni. Dada akamrudia mtumishi, na kumwona kulikuwa na sadaka yake pia, maana mkono mtupu haulambwi. Jibu alilopewa ni kwamba kuna kitu amekificha moyoni kinachozuia muujiza.

Umesikia? Mbegu ikiota, sifa za mtumishi. Mbegu isipoota, lawama za udongo. Kila siku za udongo! Huyu mpandishaji mbegu ni kiumbe gani asiyekosea hata siku moja?

Leo dada yule haendi kanisani. Usidhani amemkasirikia mhubiri. Angemkasirikia mhubiri ningeshukuru. Anaamini Mungu yupo, anasikia maombi ya watu wote, na ya kwake ameyakataa. Huo ndio wizi wenyewe ninaoulilia. Cherehani hununuliwa tena. Nani atamrudishia Baba yake?

Na wewe uliyekuwa kiti cha tatu siku ile, ukipiga makofi mjane akiweka mkate wa wanawe madhabahuni, ulilala usingizi gani?

Mafundisho hayo ya mbegu hayakutoka Nazareti. Aliyeyapa umaarufu ni mhubiri wa Marekani, Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma, ambaye mwaka 1970 alitoa kitabu kizima kuhusu mbegu ya imani. Yakavuka bahari kwa kaseti na mikutano ya hadhara, kisha kwa televisheni, yakatukuta na shida zetu za kweli, hospitali isiyo na dawa na kijana mwenye cheti asiye na kazi. Mfa maji hukamata maji. Sishangai mtu aliyebanwa akishika chochote. Ninachokasirikia ni wale wanaomwona anazama, wakamuuzia maji.

Wamemgeuza Mungu kuwa wakala wa fedha za simu: unatuma, unangoja ujumbe wa kuthibitisha muamala.

Sasa niambie, kama wokovu ni afya na mali, mitume waliokoka lini? Paulo alichapwa viboko thelathini na tisa mara tano. Mara tatu alivunjikiwa na merikebu. Alikuwa na mwiba wa mwili, akaomba mara tatu uondolewe, haukuondolewa. Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo alisumbuliwa na tumbo, na Paulo hakumwambia ana roho ya ukoo. Alimshauri atumie divai kidogo, yaani tiba ya zama zile. Ungempeleka Paulo kwenye kongamano la leo, angeketishwa mstari wa nyuma na kufanyiwa maombi ya kufunguliwa.

Halafu kuna ile aya ya kwenye kalenda. Unaijua. Imechapwa kwenye kalenda za makanisa, kwenye fulana, kwenye vioo vya nyuma vya daladala: Yeremia 29:11, habari ya Mungu kutuwazia mema na kutupa tumaini. Umewahi kusoma aya ya kumi iliyoitangulia? Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli, na inawaambia watakaa huko miaka 70. Miaka 70! Mtu mzima aliyeisomewa barua ile alijua atazikwa ugenini. Akaambiwa ajenge nyumba, alime bustani, aoze watoto wake, na auombee mema mji ule ule uliomteka.

Palikuwa na mhubiri mwingine wakati huo. Hanania alitangaza hekaluni kwamba mambo yote yatarudi kama zamani ndani ya miaka miwili. Alimvua Yeremia nira ya mti shingoni, akaivunja mbele ya watu. Bila shaka walishangilia, nani asingeshangilia? Mwaka huo huo Hanania akafa, na watu wakabaki mateka. Sisi tumechukua aya ya Yeremia tukampa Hanania aihubiri. Miaka miwili imetushinda, sasa tunataka kabla ya Desemba.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikiliza kilichowapata waliomfuata.

Tarehe 1 Februari 2020, mkutano wa maombi, uwanja wa Majengo, Moshi. Mafuta ya upako yamemwagwa chini, watu wameambiwa wayakanyage. Wakakimbilia pamoja. Watu 20 wakafa kwa kukanyagana, wakiwemo watoto. Walikuwa wametoka nyumbani kutafuta uponyaji na riziki. Tulilia siku kadhaa, tukazika, kisha tukarudi kwenye foleni ya mafuta.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa. Mzee Ambilikile Mwasapile, aliyekigawa, alitoza sh. 500, na simhesabu miongoni mwa matajiri wa madhabahu. Nasema habari zetu sisi. Tulitoa wagonjwa vitandani tukawapakia kwenye magari. Wengine walifia kwenye foleni, barabarani, porini. Wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi kwa kuwa "wamepona", na makaburi yao hayana wa kuyasemea.

Na Shakahola? Kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, kosa hili hili lilivaa kanzu nyingine. Watu hawakuahidiwa gari. Waliahidiwa kumwona Yesu wakifunga kula hadi kufa. Miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, ya watoto ikiwemo, na mhubiri Paul Mackenzie akafikishwa mahakamani, akakana mashtaka. Utasema wale walikuwa vichaa, sisi tuna akili. Ngoja kwanza. Mmoja anataka wokovu umpe dunia yote, mwingine anataka umtoe duniani leo leo. Wote wawili hawataki kitu kimoja: kubadilika hapa hapa, wakiishi na majirani wale wale, wakidaiwa madeni yale yale. Uganda walipita huko mwezi Machi mwaka 2000, Kanungu, mamia wakiteketea ndani ya kanisa lao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tumeshavunjika yote mawili, bado tunatambaa kuelekea huko huko.

Kubadilika kukoje? Mtazame Zakayo, tajiri mtoza kodi wa Yeriko. Alishuka mtini, akampokea Yesu nyumbani, akasimama na hesabu yake: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Baada ya kuisikia hesabu hiyo ndipo Yesu akatamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Wokovu ulimwacha Zakayo na fedha pungufu. Pungufu! Mpe kipaza sauti uone kama atapigiwa vigelegele.

Wala usiniambie hayo ni ya Yeriko. Yametokea kwetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulienea Uganda na Kenya, ukaingia hadi Bukoba. Walokole wale ulikuwa na haki ya kuwachoka kwa ukali wao, lakini mtu akiokoka kijiji kizima kilijua, kwa sababu vilivyoibwa vilianza kurudi. Mtu alibisha hodi kwa jirani, anarudisha alichokwapua, anataja na mwaka. Mke aliombwa msamaha mbele za watu. Wadai walilipwa. Jirani asiyekanyaga kanisani ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza.

Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, alikuwa mtoto wa uamsho huo; aliokoka mwaka 1948. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji, na siku chache baadaye akauawa. Wokovu wake ulimpa nini? Ulimpa kinywa kisichonunuliwa. Linganisha na hawa wetu wanaowekewa viti vya mbele kwenye hafla za wakubwa, ambao hujawahi kuwasikia wakitamka neno "rushwa" wakiwa madhabahuni.

Na ninyi wazee wa makanisa makongwe, msijifiche nyuma ya kengele zenu. Mliona vijana wanahama, mkaogopa, na badala ya kufundisha mkaiga. Sasa nanyi mna mikesha ya kufunguliwa, mna maji kwenye chupa, mna bahasha za aina saba. Mchungaji aliyesoma chuo cha theolojia miaka mitano, anayeijua vizuri aya ya kumi ya Yeremia 29, anahubiri ya kumi na moja peke yake kwa kuwa jengo halijaezekwa. Aibu iko wapi?

Lakini sitamaliza kwa kuwatwika wachungaji mzigo wote, kwa sababu soko halijai bila wanunuzi. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wewe ndiye unayemkimbia anayekuambia acha hawara, ukamfuata anayekuambia utapandishwa cheo. Wewe unajua bei ya chupa ya mafuta ya upako, ndogo na kubwa, lakini Injili ya Marko hujawahi kuimaliza. Ina sura 16 tu. Ukianza baada ya chakula cha jioni, unaimaliza kabla hujasinzia. Kwa nini unalipa mtu akusimulie kitabu kilicho kabatini kwako?

Simzuii mtu kumwomba Mungu kazi, afya au mtoto. Omba. Lia usiku kucha ukitaka. Yule Hana wa kwenye Biblia alilia hekaluni hata akadhaniwa amelewa. Maombi hayo ni ya mtoto kwa baba yake, na mtoto huomba hata asipopewa. Ubaya unaanza pale ombi linapokuwa ankara, na Mungu asipolipa tunatafuta mchawi.

Jumapili hii utapewa tena bahasha. Kabla hujaandika hitaji lako, kumbuka Yesu aliagiza mtu aiache sadaka yake pale pale mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Basi nikuulize. Fundi aliyekupaulia nyumba, ulimmalizia fedha yake? Mdogo wako uliyemnyima sehemu yake ya shamba la marehemu baba, mmezungumza? Na huyo binti wa kazi hapo nyumbani, anayeamka alfajiri kukupigia pasi nguo za ibada, mshahara wake wa miezi mitatu uko wapi? Upo ndani ya hiyo bahasha. Utoe, umpe mwenyewe mkononi, umwombe radhi, ndipo uende kanisani.