Mzazi anayelia mtoto akienda JKT asichekwe



Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa barua nizungumze na wazazi, walimu wenzangu na viongozi wa vijiji juu ya jambo ambalo kwa maoni yangu hatulitilii maanani. Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikishamalizika, hutangazwa majina ya vijana wanaotakiwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Tunaelezwa makambi, tarehe za kuripoti na vifaa vya kwenda navyo. Vijana huaswa wawe wakakamavu. Mzazi anayebaki nyumbani haambiwi neno, na akionekana ana majonzi huchekwa.

Mimi nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Missenyi, Mkoa wa Kagera. Baadhi ya vijana hao niliwafundisha kusoma na kuandika, kwa hiyo wazazi wao huja kwangu niwasomee tangazo. Baba husikiliza orodha ya vifaa: bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi ndefu nyeusi, nauli ya kwenda. Yeye huuliza bei. Mama huuliza swali moja tu: huko Mlale ni wapi? Mlale iko Ruvuma, upande wa pili wa nchi, na mama huyu hajawahi kuvuka mji wa Bukoba. Ukimwambia ukweli hunyamaza, halafu hushukuru na kuondoka.

Wapo wanaosema hiyo ni ishara ya malezi laini. Husema kijana wa miaka kumi na tisa si mtoto, na kwamba amekwisha kukaa bweni miaka mingi. Ni kweli alikaa bweni. Lakini shule ya bweni mzazi aliiona siku ya kumpeleka. Alimwona mwalimu wa zamu, aliona kitanda, alijua likizo ni mwezi gani. Kambi haioni. Kijana hupanda basi alfajiri na begi lake, na mzazi hubaki stendi akiwa hana picha yoyote kichwani ya mahali mwanawe atakapolala.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ambayo watu wa mikoa mingine huenda hawaifikirii. Neno jeshi lina historia yake Missenyi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwaka 1978, watu wa huku walikimbia makazi yao, na daraja la Kyaka likabomolewa Novemba mwaka huo. Vijana walikwenda vitani na wengine hawakurudi. Bibi ambaye leo ana miaka sabini na mitano alikuwa mama mwenye watoto wachanga wakati ule. Mwambie mjukuu wake anakwenda jeshini, haoni gwaride wala mchakamchaka. Anaona mwaka 1978. Kumcheka bibi huyo ni kukosa adabu, na ni kukosa pia kujua habari za nchi yetu.

Ukitazama umri wa wazazi wenyewe utagundua jambo jingine. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963, na kwa miaka mingi vijana waliomaliza kidato cha sita na vyuo walilipitia kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Sasa fanya hesabu. Mzazi mwenye mtoto anayemaliza kidato cha sita leo, kwa kawaida, ana miaka arobaini na kitu au hamsini. Hata kama alifika kidato cha sita, alimaliza katika kipindi ambacho hakuna aliyeitwa. Na wengi vijijini waliishia darasa la saba. Kwa hiyo anampeleka mwanawe mahali asipopajua, ambapo hata rika lake halipajui. Wanaopajua ni wazee waliomtangulia, nao hakuna anayewauliza.

Hali hii ya kutojua ndiyo inayoleta madhara, wala sio machozi. Wiki za kwanza kijana yuko kwenye ratiba ya kambi na simu hailii. Mama anapika kwa kipimo kile kile, chakula kinabaki. Baba anaamka mapema kuliko kawaida na kwenda shambani, akirudi hasemi na mtu. Wengine hupitia kilabuni. (Wanaume tumefundishwa kwamba huzuni ikiitwa uchovu inakubalika.) Hapo ndipo uvumi unapoingia. Mmoja anasema makuruta hawalali, mwingine anasema kijana fulani amevunjika mguu. Matapeli nao wanalijua pengo hilo. Mzee mmoja hapa kijijini alipigiwa simu na mtu aliyejiita afande, akaambiwa mwanawe ameumia na fedha za matibabu zinatakiwa saa ile ile. Aliuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, akatuma. Kijana alipopata nafasi ya kupiga simu baada ya siku kadhaa, alikuwa mzima kabisa na anaulizia mbuzi hao hao wanaendeleaje.

Mzazi wa binti ana hofu nyingine asiyoitamka mbele ya watu. Mimi nashauri aitamke, lakini kwa binti mwenyewe, kabla ya safari. Amwambie wazi kwamba nidhamu ya jeshi ni kutii amri halali za kazi na mafunzo, na kwamba mtu yeyote akimtaka jambo la aibu ana haki ya kukataa na kutoa taarifa, hata kwa nyumbani. Jeshini wamo askari wanawake. Amtafute mmoja anayemwamini. Maneno hayo humsaidia binti, na mzazi pia hupata usingizi kwa sababu amekwisha kuyasema.

Kwa wazazi wote, ningependa waelezwe mambo ya kawaida kabisa. Mafunzo ya mujibu wa sheria ni ya yapata miezi mitatu. Kijana hujifunza kwata, mbio, shabaha, uzalendo na kazi za mikono, kisha hurudi nyumbani kusubiri chuo. Hapelekwi vitani. Atakonda kidogo na sauti itakauka, kwa sababu huko huimba na kukimbia kila siku. Akipiga simu wiki ya kwanza analalamika, mzazi asimwambie atoroke, na asimkaripie kwamba yeye si mwanamume. Amsikilize mpaka amalize, amwulize amekula nini, ampe habari za nyumbani.

Aidha nawasihi wakuu wa makambi wahakikishe kijana anatoa taarifa nyumbani siku ile anayofika, hata kwa ujumbe mfupi wa maneno mawili. Haipunguzi ukakamavu wa mtu yeyote.

Walimu na serikali za vijiji tuna sehemu yetu. Tunaitisha mikutano ya wazazi kwa ajili ya madawati, chakula cha shuleni na matundu ya vyoo. Kwa nini tusiitishe mmoja kwa ajili ya hili? Kijijini kwetu tumekwisha kukubaliana na mwenyekiti kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya majina kutangazwa, wazazi wa vijana waliochaguliwa watakutana katika darasa langu. Mzee mmoja aliyelipitia Jeshi hilo miaka ya themanini atakuja na picha yake ya siku ya kufunga mafunzo, ajibu maswali. Kina bibi nao tumewaalika. Tutaandika majina ya makambi ubaoni na kuyaonyesha kwenye ramani, na kila mzazi ataondoka akiwa na namba ya simu ya mtu mmoja wa kumwuliza kabla ya kutuma fedha popote. Maafisa Elimu Kata wa mahali pengine wakitaka kujaribu utaratibu huu, hauna gharama zaidi ya chaki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Missenyi, Kagera.